Pilipili za Mama Mkwe

Mimi sikai. Nimeambiwa hivyo tangu nikiwa mdogo, na sasa nina miaka hamsini na tatu, sijabadilika. Kwenye karakana yetu, ambako tunatengeneza meno ya bandia, wenzangu wananiita Kiguu na Njia, maana plasta haijakauka mimi nimeshakwenda dirishani mara nne, nimefungua droo mbili, nimemuuliza mtu swali ambalo jibu lake silitaki. Mke wangu haniiti lolote. Anashona mapazia nyumbani, na nikizidi kuzunguka anainua miguu yake bila kusema neno, nipite.

Haya, mtu wa namna hiyo mpe mbegu za pilipili, mwambie azioteshe ndani ya nyumba, katika mji ambao kiangazi chake ni wiki nane na tatu kati ya hizo zina mvua. Mtoto anakuja kwa miezi tisa, lakini angalau unajua anakuja. Mbegu ya pilipili inaweza kukukalia kimya wiki mbili, kumbe imeshaoza zamani, na wewe bado unaiamkia kila asubuhi.

Sikufanya kwa kupenda. Nilifanya kwa sababu baba mkwe wangu alikuwa hali chakula, na mke wangu alikuwa anataka kuondoka naye.

Mzee alikuja kwetu mwezi wa kwanza, wiki sita baada ya kumzika mama mkwe. Alikuja na begi moja, koti la kuazima, na meno matano mdomoni, yote yanacheza. Nilipomwona anamung'unya mkate uliolowekwa kwenye chai nilijisikia vibaya sana. Baba mkwe wa fundi meno anakula kwa mapengo? Watu watanicheka mpaka nihame mtaa. Nikampeleka kwa daktari tunayefanya naye kazi, yale matano yakang'olewa, fizi zikaachwa zipone, vipimo vikachukuliwa, na kazi iliyobaki ikawa yangu.

Na kazi niliifanya, sitaki kusema uongo. Seti nzima, ya juu na ya chini. Rangi nilichagua mwenyewe, si ile nyeupe ya matangazo, bali nyeupe ya mtu aliyekunywa chai miaka sabini. Jino moja la mbele nililipinda kidogo, kwa sababu kwenye picha ya harusi yake lilikuwa limepinda hivyo. Siku niliyoyamaliza sikusubiri kesho yake. Niliyasugua haraka haraka, nikayafunga kwenye kitambaa cheupe, nikaenda nayo nyumbani mkono mfukoni, nusu natembea nusu nakimbia. Mke wangu alipomwona baba yake anatabasamu na meno kamili alilia. Jioni ile nilikuwa mkwe bora duniani, na nilijua hivyo.

"Yamekaaje, baba?" nilimuuliza.

"Yamekaa vizuri sana, mkwe wangu. Mungu akubarikie mikono yako."

Daktari alitaka arudi baada ya wiki moja amwangalie. Nikamuuliza mzee kama kuna mahali panabana. Akasema hapana, hakuna. Nikamwambia daktari hakuna haja, mzee yuko sawa.

Basi ikaingia mwezi wa nne, na mzee akaanza kuacha chakula.

Si kwamba alikataa. Baba mkwe wangu ni mtu wa adabu za zamani, hakatai. Anakaa mezani, ananawa, anashukuru, anachukua vijiko vitatu, anatafuna muda mrefu huku anaangalia meza, halafu anasogeza sahani kidogo na kusema, "Nimeshiba, alhamdulillahi." Nyama hagusi. Mahindi hagusi. Uji anakunywa. Sisi tukaangaliana. Mke wangu akasema ni majonzi, wanaume wakifiwa na wake zao hawadumu, wanazimika hivi hivi. Mimi nikasema labda baridi. Kila mtu alikuwa na sababu yake, na zote zilikuwa za maana.

Siku moja, mke wangu anampakulia, mzee akasema tu, kama anayejisemea, "Mama yenu alikuwa hapiki bila pilipili."

Mimi nikadakia hapo hapo. Pilipili! Kumbe ndio inayokosekana. Mwenzio anatafuta dawa ya mzee wake wiki nenda wiki rudi, na dawa yenyewe ni pilipili. Nikatoka na viatu vya ndani mpaka dukani, nikarudi na pilipili nyekundu za kwenye pakiti. Mzee akashukuru. Akatia kidogo pembeni ya sahani, akaonja kwa ncha ya kijiko, akafumba macho, akaiacha.

"Si zenyewe," nikamwambia mke wangu jikoni. "Umemwona? Anataka zile za mama."

"Amekwambia?"

"Atasemaje? Mimi ni mkwe wake."

Mama mkwe wangu alikuwa na mti mmoja wa pilipili nyuma ya jiko lake, na mbegu alikuwa anaziweka mwaka hadi mwaka. Mzee alikuja na pilipili tatu za mti ule zilizokauka ndani ya kiberiti, na kile kiberiti alikiweka chini ya mto. Nilichukua siku mbili kutafuta namna ya kumwomba. Nilipomwomba alikifungua kile kiberiti mwenyewe. Akanipa mbili. Ya tatu akairudisha chini ya mto.

Nilipata mbegu kumi na nane. Nilizilaza kwenye karatasi ya jikoni iliyoloa, ndani ya kopo la plastiki, nikaliweka kabatini juu ya tangi la maji ya moto, maana hapo ndipo penye joto kuliko pote nyumbani. Halafu ikabidi nisubiri. Nilikuwa nafungua lile kabati asubuhi kabla ya chai, nikirudi kazini kabla ya kuvua koti, na mara mbili tatu kati ya hapo na chakula cha jioni.

"Ukizifungulia hivyo zitapoa," mke wangu akasema.

"Nazipa hewa."

"Unazipa wasiwasi."

Siku ya kumi na moja nikaona kimkia cheupe. Niliita nyumba nzima. Mzee akaja na miwani yake, akaangalia, akasema, "Mashallah," na kwa mara ya kwanza tangu aje nikaona uso wake umefunguka. Hapo nikapagawa kabisa. Nikajua njia ni hiyo.

Ziliota saba. Nikazipanda kwenye vikombe, na miche ikarefuka ovyo kwa kukosa mwanga, shingo nyembamba kama uzi. Nikaiwekea taa ya mezani ya mke wangu, yeye akawa anashona karibu na dirisha huku anakunja uso. Mitatu niliiua kwa maji. Kila nilipopita niliimwagia kidogo, na mimi napita mara nyingi. Mmoja niliuvunja mwenyewe nikiuhamisha, kwa sababu kioo cha dirisha kilikuwa kinapoa jioni na mimi nilikuwa nahamisha vyungu vyote kutoka dirishani kwenda mezani jua likizama, na asubuhi kuvirudisha. Mke wangu alisema hajawahi kuona mmea unaosafiri kiasi kile.

Ikabaki mitatu. Ikapata vidukari, wale wadudu wadogo wa kijani wanaofyonza majani. Niliwafuta mmoja mmoja kwa pamba ya karakanani na maji ya sabuni. Mwezi wa saba ikatoa maua, meupe, madogo, yameinama. Nikafurahi siku mbili. Siku ya tatu maua yakaanza kudondoka.

"Ndani hakuna nyuki," akaniambia dada mmoja kazini, yule anayechonga nta, ambaye anajua kila kitu. "Nyuki itabidi uwe wewe."

Basi nikawa nyuki. Tuna brashi moja kazini, nyembamba sana, ya kupakia rangi ya fizi. Nikaichukua. Kila asubuhi baba mkwe wangu akitoka chumbani ananikuta nimepiga magoti sebuleni, miwani puani, natia brashi kwenye ua, natoa, natia kwenye jingine.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Endelea, endelea," anasema, anapita kwa adabu, kana kwamba amenikuta nikifanya jambo la faragha.

Yakashika. Kufika mwezi wa nane nilikuwa na pilipili kumi na moja, za kijani, zimenyooka, zinang'aa. Nikapiga hesabu: wiki mbili, zitakuwa nyekundu.

Wakati huo huo mzee alikuwa anakwisha. Suruali zake mke wangu alizipunguza mara mbili. Sasa hata maneno aliyapunguza, akawa anajibu kwa kichwa. Daktari wa hospitali akampima kila kitu, damu, moyo, tumbo, hakuona ugonjwa, ila mizani ilionyesha amepungua kilo nane. Akasema wazee wakifiwa huwa hivyo, tumpe muda.

Siku ile mke wangu alirudi naye kutoka hospitali. Alikaa kwenye cherehani bila kushona.

"Namrudisha nyumbani," akasema.

"Lini?"

"Kabla baridi haijarudi. Hatakufa huku, kwenye chumba cha wageni, hana hata mtu wa kumwamkia zaidi yetu."

"Na wewe?"

"Nakaa naye."

"Mpaka lini?"

Akaniangalia. "Unataka nikujibu?"

Sikutaka. Tuna miaka ishirini na tisa ya ndoa. Watoto wametoka, kila mmoja na maisha yake. Nikabaki nikifikiria ile nyumba bila mlio wa cherehani, mimi peke yangu natembea kutoka jikoni mpaka sebuleni na kurudi, na hakuna miguu ya kuinuliwa. Niliogopa. Sijui neno jingine.

"Subiri pilipili ziive," nikamwambia.

"Wewe mwanamume."

"Nakuomba. Atakula. Umeona alivyofurahi zilipoota."

"Alifurahi, ndiyo. Alikula?"

Akakata tiketi mbili, Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tisa. Na mimi nikabaki na pilipili zangu za kijani.

Mwenzangu, hujapata kuona kitu kikaidi kama pilipili ya kijani. Zilinenepa, zikakomaa, zikagoma. Siku kumi, kijani. Siku ishirini, kijani. Jua lilianza kuwa la kukopeshana. Nilizisogeza karibu na hita, majani yakakauka ncha. Nikazirudisha. Dada wa nta akaniambia niweke ndizi mbivu karibu nazo, zitaambukizwa. Nikazizungushia ndizi sita. Mke wangu aliingia sebuleni, akaona ndizi zimepangwa kuzunguka vyungu, akatoka tena bila kuuliza. Nilimsikia akicheka koridoni, halafu nikamsikia ameacha kucheka.

Mabegi yakatoka juu ya kabati. Yakakaa wazi koridoni, na kila siku yalikuwa yamejaa kidogo zaidi. Kila nikipita nilikuwa nayaruka.

Jumapili, siku sita kabla ya safari, niliamka nikaenda dirishani kama kawaida, na pilipili moja ilikuwa nyekundu. Si nusu. Nyekundu yote, mpaka kwenye kikonyo. Nilikaa pale sakafuni naitazama, mtu mzima mimi.

Mchana mke wangu alipika wali na maharage. Nilikata ile pilipili kwa mkasi, vipande vyembamba, nikaviweka kwenye kisahani kidogo mbele ya mzee.

"Za mama hizi, baba."

Mzee aliviangalia muda mrefu. Nadhani alijua ni kitu gani nilichokuwa namwomba. Macho yangu yalikuwa mdomoni mwake, ya mke wangu yalikuwa kwangu. Akachukua vipande viwili, si kimoja, akavichanganya na wali, akajaza kijiko, akatia kinywani.

Akatafuna mara moja. Mara ya pili. Kisha akaacha kutafuna. Mishipa ya shingo ikamtoka, machozi yakajaa, yakashuka mashavuni. Akaweka kijiko chini taratibu sana, akasema kitu ambacho nadhani kilikuwa "samahani", akainuka, akaenda bafuni. Tukasikia bomba limefunguliwa.

"Imewasha," nikamwambia mke wangu. "Umeona? Kali kweli kweli."

Yeye alikuwa anaangalia mlango wa bafuni. Bomba liliendelea kutiririka. Nikainuka, nikakaa, nikainuka. Dakika tano. Nikaenda mlangoni nikabisha, nikaita, "Baba?" Maji tu. Nikasukuma mlango.

Mzee alikuwa ameinamia sinki. Meno aliyashika mkononi, ya juu na ya chini, na maji yaliyokuwa yakiingia kwenye sinki yalikuwa mekundu. Aliponiona alinigeuzia mgongo, akaelekea ukutani na kufunika mdomo kwa taulo. Baba mkwe wangu, kwa adabu zake, hajawahi kunionyesha hata kisigino. Nilitaka kurudi nyuma nifunge mlango, na siku nyingine yoyote ningefanya hivyo.

"Baba," nikasema, "naomba nione."

Akatikisa kichwa.

"Ni kazi yangu, baba. Tafadhali."

"Ni pilipili tu," akasema kwenye taulo. "Nzuri sana. Kama za mama yenu."

"Baba, pilipili haitoi damu."

Mwishowe akakaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea, akaondoa taulo, akafumba macho, akafungua mdomo. Nikawasha tochi ya simu. Kwenye ufizi wa chini, upande wa kushoto, nyuma, palikuwa na kidonda kirefu kama kucha, kingo zake nyeupe, cha miezi. Cha pili kilikuwa juu, upande ule ule. Kilichobaki chote kilikuwa kimevimba. Juu ya nyama hiyo mtu huyu alikuwa ameweka meno yangu kila siku tangu mwezi wa tatu, akatabasamu, akaniambia Mungu anibarikie mikono.

Nikayachukua yale meno, nikapitisha kidole gumba. Ilikuwa pale pale. Kiukingo cha plastiki, kikali, kimezidi nusu milimita labda. Hata mwanafunzi angekiona. Mimi sikukiona kwa sababu jioni ile nilikuwa na haraka ya kufika nyumbani nikasifiwe. Na alivyopungua kula akakonda, fizi zikanywea, meno yakalegea, yakazidi kumkata. Miezi mitano mimi nimepiga magoti mbele ya vyungu, nafuta vidukari kwa pamba, natafuta ugonjwa wa mzee kila mahali isipokuwa mdomoni mwake, na mdomo ndio kazi inayonilisha.

"Kwa nini hukuniambia, baba?" Nilikuwa na hasira na sikujua namkasirikia nani.

Alifuta mdomo. Bila meno maneno yake yalikuwa laini, ilibidi niinamie.

"Ulikuja nayo kwenye kitambaa cheupe," akasema. "Binti yangu akalia kwa furaha. Ulisimama hapo mlangoni, hukai, unaningojea. Ningekwambia nini? Umenipokea nyumbani kwako, umenipa chumba, umenipa meno. Niseme yananikata?"

"Ndiyo. Useme yanakukata."

"Kwa mkwe wangu?"

Nilipogeuka, mke wangu alikuwa mlangoni. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Alimwangalia baba yake, akaniangalia mimi, akaangalia yale meno mkononi mwangu.

"Kwa hiyo hamna ugonjwa," akasema.

"Hamna," nikasema. "Ni mimi."

"Si wewe peke yako." Akamgeukia mzee. "Baba, mficha maradhi..." Hakumalizia, hakuweza kumwambia baba yake ile sehemu ya pili. Akanigeukia. "Na wewe ukauliza mara moja tu. Mara moja, ukaambiwa vizuri, ukaridhika. Ningemzika baba yangu kwa sababu ninyi wawili mnaheshimiana."

Akaingia jikoni, akafunga mlango. Tulikaa mle bafuni, mimi na mkwe wangu, kama watoto waliofukuzwa mezani.

Funguo za karakana ninazo. Nikaenda mchana ule ule, Jumapili, hakuna mtu. Vipimo vipya nilikuwa nimemchukua mzee kabla ya kutoka, kwa ruhusa yake; nikavimwagia plasta, na nikakaa mbele ya ile plasta mpaka ikakauka. Sikwenda dirishani. Nikasaga kile kiukingo, nikapitisha kidole, nikasaga tena, nikaongeza plastiki pale palipolegea, nikasugua saa nzima. Siku tatu meno yalikaa kwenye glasi ya maji, na mzee akala bila meno: viazi vilivyopondwa, mayai, maharage yaliyosagwa. Alikula kila alichowekewa. Siku ya pili alimaliza sufuria ndogo ya viazi peke yake na akatuomba radhi.

Lakini mabegi yalikuwa bado koridoni, na mke wangu hakuwa anasema nami zaidi ya "pisha" na "chukua". Na tiketi ni tiketi. Kula alikuwa anakula, ndiyo, lakini mtu akipata nguvu si ndio anaweza kusafiri vizuri? Nilifikiria hivyo usiku na mchana. Sikuuliza. Niliogopa jibu, na safari hii jibu nililitaka.

Alhamisi vidonda vilikuwa vimefunga. Nikamtia meno mwenyewe, nikamwambia afunge, afungue, asogeze taya.

"Panabana?"

Alifikiri. Nilimwona anafikiri, ulimi unapita pote. "Hapa juu," akasema, akaonyesha, "kidogo."

Sijapata kufurahi kuambiwa kazi yangu ina kasoro kama siku ile. Nikasaga, nikarudisha. "Sasa?" "Sasa basi."

Jioni mke wangu aliweka wali, maharage na nyama. Mzee alikula sahani ya kwanza bila kuinua kichwa. Alitafuna nyama, akaisikiliza, akameza, akachukua nyingine. Sahani ya pili alijipakulia mwenyewe. Halafu akaangaza meza.

"Iko wapi ile pilipili?"

Zilikuwa zimeiva nyingine nne. Nilimkatia moja. Akaila vizuri, kipande kwa kipande, pua ikamtoka majimaji, paji la uso likatoa jasho, akajifuta kwa leso, akaendelea. Mke wangu naye akaonja, akakohoa. Mimi pia. Ilikuwa kali ile mbaya.

"Mkwe wangu," mzee akasema.

"Naam, baba."

"Nikwambie kweli?"

Nilimtazama mke wangu. Alikuwa ameacha kula.

"Niambie, baba."

"Hii si pilipili ya mama yenu. Mbegu ni zake, lakini si yenyewe. Ya kwake ilikuwa inakuja taratibu. Unameza, unasema mbona hii ya kawaida, halafu ndio inakukamata. Hii yako ina haraka."

"Imemfuata aliyeilea," mke wangu akasema, na yalikuwa maneno yake ya kwanza marefu tangu Jumapili.

"Haya," nikasema. "Nimesikia, baba."

"Na chai yenu ni maji ya kusuuzia vikombe. Samahani, binti yangu. Majani mnahesabu?"

"Baba!"

"Nimeulizwa kama panabana, nami nasema panapobana." Akafuta jasho, akachukua kipande kingine cha pilipili, akakigeuza kwenye kijiko. "Na lile dirisha la chumba changu halifungi sawasawa. Linapitisha baridi pale chini. Mwezi wa kwanza na wa pili wote nimelala na koti. Sikusema. Lakini baridi inarudi, na mimi kulala na koti mara ya pili siwezi."

Mke wangu aliweka kijiko chini.

"Baba, Jumamosi si tunasafiri?"

"Hizo ni habari zako wewe na tiketi zako," mzee akasema. "Mimi nazungumza habari za dirisha."

Mke wangu akafunika uso kwa mikono miwili. Nilitaka kumshika bega, nikamshika, hakunitoa. Kisha nikasimama.

"Unakwenda wapi tena?" akauliza kutoka nyuma ya viganja vyake. "Kaa ule."

"Nakwenda kuliangalia dirisha."

"Sasa hivi?"

Nilikuwa nimeshafika koridoni, nimeruka mabegi, natafuta tochi. Nyuma yangu nikamsikia mzee anamwambia binti yake amwongezee wali kidogo, na kwamba, maadamu leo ni siku ya kusema, ulikuwa umepungua chumvi.